Azimio la Musoma, Wiki za Ugenini na Swali la Nani Awe Daktari wa Uzazi

Desemba iliyopita nilikaa wiki mbili nyumbani Nyasura, mjini Bunda. Jioni moja alikuja kunisalimu binti wa jirani yetu, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa udaktari katika mojawapo ya vyuo vyetu. Alinipa shikamoo, akaketi, tukazungumza habari za mvua na mihogo, kisha akanieleza jambo lililonifanya niandike makala haya. Chuo chao humpa mwanafunzi wiki chache za kuchagua mwenyewe hospitali na idara ya kwenda kujifunza. Yeye anataka kuwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Alitamani wiki hizo azitumie katika hospitali kubwa yenye mabingwa kadhaa wa fani hiyo, awaone wakifanya kazi, nao wamwone. Akapiga hesabu ya pango, nauli, chakula na ada ya kupokelewa, akaona haiwezekani. Baba yake alikuwa tayari kuuza ng'ombe; yeye akakataa, kwa kuwa wapo wadogo zake watatu ambao bado wanasoma. Basi akarudi nyumbani, akajifunza katika hospitali iliyo karibu, akila na kulala kwao.

"Baba mdogo," aliniambia, "wenzangu waliokwenda kule wamerudi wakijulikana na mabingwa. Mimi nimezalisha akina mama wengi kuliko wao, lakini hakuna anayejua."

Nilimjibu maneno ya kumtia moyo, kama tunavyofanya sisi wazee tusipokuwa na jibu. Usiku nikabaki na swali lake. Halikuwa swali la nauli peke yake. Lilikuwa swali la nani anaonekana anapojifunza, na kwa hiyo nani anapewa nafasi ya kuwa bingwa. Na ukilifuata nyuma katika historia ya nchi hii, linakufikisha kwenye vita vya zamani kuhusu mlango wa chuo kikuu, vita ambavyo hatua yake moja kubwa ilichukuliwa hapa hapa mkoani Mara, mjini Musoma, Novemba 1974.

Kabla ya kufika huko, niseme neno juu ya Marekani, maana ndiko mjadala huu unakosikika kwa sauti zaidi siku hizi. Kule, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari huenda katika hospitali ya chuo kingine kwa takribani mwezi mmoja. Rasmi amekwenda kujifunza. Kwa hakika amekwenda pia kufanyiwa usaili mrefu usiotangazwa, kwa sababu idara inayompokea ndiyo huenda ikamchagua baadaye kwa mafunzo ya ubingwa. Mwenye fedha huzunguka hospitali mbili au tatu. Asiye nazo hubaki kwao. Idara kadhaa za uzazi zilianza kutenga ufadhili ili wanafunzi Weusi, wenye asili ya Amerika ya Kusini, wenyeji wa asili wa bara lile na wale wa familia maskini nao waweze kwenda ugenini.

Sababu za kufanya hivyo katika fani ya uzazi hasa si za kubahatisha. Kati ya mwaka 1845 na 1849, mjini Montgomery katika jimbo la Alabama, daktari J. Marion Sims alijaribu na kurudia upasuaji wa fistula kwenye miili ya wanawake watumwa bila dawa ya ganzi. Majina ya watatu kati yao tunayo: Anarcha, Betsey na Lucy. Kwa zaidi ya karne moja Sims alitajwa kuwa baba wa elimu ya magonjwa ya wanawake, na sanamu yake ilisimama New York hadi Aprili 2018 ilipoondolewa. Mwaka 1910 ripoti ya Abraham Flexner juu ya vyuo vya udaktari ilichangia kufungwa kwa vyuo vitano kati ya saba vya Weusi, vikabaki Howard na Meharry tu. Hadi leo mwanamke Mweusi nchini humo hufa kwa sababu za uzazi kwa kiwango kinachokaribia mara tatu ya kile cha mwanamke Mzungu, katika nchi tajiri kuliko zote. Fani iliyojengwa juu ya miili ya watu fulani huku watu hao wakifungiwa nje ya darasa haiwezi kujisahihisha kwa semina mbili tatu.

Sisi tulikuwa na ubaguzi wetu wa kurithishwa. Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakaifungua mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu, ilhali Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyopewa jina la mfadhili wake, mfanyabiashara Sewa Haji. Waingereza waliirithi mipaka hiyo bila kuona haya. Katika mafunzo ukajengeka mgawanyo mwingine: Mzungu ni daktari, mwanamume Mwafrika ni msaidizi wake, na mwanamke Mwafrika, akipata bahati ya shule, ni muuguzi au mkunga. Mengo nchini Uganda, Albert Cook na mkewe Katharine walikuwa wakifundisha wasichana ukunga tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kazi yao iliokoa maisha mengi. Lakini mkunga huyo hakutazamiwa hata siku moja kushika kisu cha upasuaji.

Makerere ndiyo iliyokuwa chuo cha udaktari cha Afrika Mashariki nzima, na Watanganyika waliofika pale walikuwa wachache mno. Waliofika walitoka zaidi katika maeneo yenye shule nyingi za misheni na kahawa ya kulipia ada, kama Bukoba na Kilimanjaro. Dakta Vedasto Kyaruzi, aliyepata kuwa rais wa TAA kabla ya Mwalimu, alikuwa mmoja wao. Serikali ya kikoloni ilipoona siasa zake ikamhamisha kutoka Dar es Salaam, jambo linaloonyesha jinsi daktari mmoja Mwafrika alivyokuwa mali adimu na mtu wa kuogopwa kwa wakati mmoja. Mwalimu mwenyewe alitoka Butiama, akasoma Mwisenge mjini Musoma, kisha Tabora, na kufika Makerere mwaka 1943 kusomea ualimu. Wanawake walianza kupokelewa Makerere mwaka 1945 tu, na ilipita zaidi ya miaka kumi hadi Josephine Nambooze wa Uganda alipohitimu udaktari pale mwishoni mwa miaka ya 1950.

Matokeo ya mpangilio huo Mwalimu alipenda kuyataja kwa hesabu fupi: baada ya miaka ya utawala wao, Waingereza walituachia wahandisi wawili na madaktari 12. Wanafunzi wangu hucheka wakisikia hesabu hiyo. Huwa nawauliza swali la pili: kati ya hao 12, wangapi walikuwa wanawake, na wangapi walitoka mwambao wa ziwa upande wetu wa mashariki? Hapo kicheko hukoma.

Serikali ya uhuru ilijibu upesi. Mwaka 1963 shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam chini ya Wizara ya Afya, ikitoa kwanza stashahada. Mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu na kuanza kutoa shahada kamili. Mwaka huo huo wa 1963 yalianza pia mafunzo ya madaktari wasaidizi, yaani matabibu wenye uzoefu wa kazi waliorudishwa darasani ili wajifunze, pamoja na mengine, upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni. Nitawarudia hawa baadaye, kwa kuwa historia ya uzazi nchini mwetu haiandikiki bila wao. Wengine walipelekwa nje. Esther Mwaikambo, anayetambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuwa daktari, alisomea Moscow, akarudi mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1987 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA, na mwenyekiti wake wa kwanza. Kwa binti wa Kitanzania wa wakati ule, njia ya kwenda wodi ya wazazi akiwa daktari ilipitia kwenye theluji ya Urusi. Ni ugenini wa mbali kuliko huo wa wiki chache unaomsumbua binti wa Nyasura, ila nao ulilipiwa na dola kwa sababu dola iliamua kuwa unahitajika.

Ndipo tunafika Musoma. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana hapo ikatoa azimio ambalo watu wengi hulikumbuka kwa jambo moja tu, elimu ya msingi kwa wote ifikapo mwaka 1977. Lakini Azimio la Musoma lilikuwa na sehemu ya pili iliyogusa vyuo vikuu. Lilifuta utaratibu wa kijana kutoka kidato cha sita na kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Kuanzia hapo, baada ya Jeshi la Kujenga Taifa, alipaswa kwanza kufanya kazi kwa angalau miaka miwili, kisha apate mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la chama. Hoja ya Mwalimu na wenzake ilikuwa kwamba chuo kikuu kinazalisha tabaka la watu wasiowajua wananchi wanaowalipia, na kwamba mtu aliyefanya kazi Tarime au Newala miaka miwili ataingia darasani akiwa na maswali tofauti na yule aliyetoka bweni moja kwenda bweni jingine.

Mimi si katika wale wanaolicheka azimio hili. Ukiliondolea sauti ya jukwaani, lilikuwa jaribio la kubadilisha sura ya darasa la chuo kikuu kwa kubadilisha lango lake. Liliwafungulia mlango watu wazima: walimu wa shule za msingi, wauguzi, matabibu, makarani, ambao kwa utaratibu wa zamani wangebaki na vyeti vyao vya chini hadi kustaafu. Lilisema kwamba uzoefu wa zahanati ya kijijini ni sifa, si upungufu. Kwa maneno ya leo tungesema lilitafuta uanuwai wa wataalamu.

Kosa lake lilionekana mapema, na liliwahusu wanawake. Msichana aliyemaliza kidato cha sita akiwa na miaka 19 au 20, akaenda jeshini, akaajiriwa miaka miwili, alifika umri ambao jamii yote ilimtazama kama mke na mama. Mwajiri alisita kumruhusu, mume alisita zaidi, na tawi la chama liliendeshwa na wanaume wenye fikra zile zile. Idadi ya wanawake waliojiunga na chuo kikuu ikaporomoka. Serikali ililiona, na mwaka 1976 ikawaondolea wanawake sharti la kufanya kazi kwanza. Wanaume waliendelea kubanwa nalo kwa miaka kadhaa, hadi lilipolegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980.

Kisa hiki nakiona kuwa muhimu kuliko maazimio mengi yanayosherehekewa kila mwaka. Kanuni moja, iliyotungwa kwa nia ya kuwainua wanyonge wa aina fulani, iliwafungia nje wanyonge wa aina nyingine, kwa sababu waliokaa mezani Musoma hawakuwaza maisha ya msichana wa miaka 22 yanavyokwenda. Na dola ileile, ndani ya miaka miwili tu, ikakubali kurekebisha. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua jinsi ilivyo vigumu kuona waraka wa serikali ukirekebishwa kwa haraka hiyo.

Sasa niwarudie madaktari wasaidizi. Kwa miongo mingi, mwanamke wa wilayani aliyeshindwa kujifungua kwa njia ya kawaida hakufanyiwa upasuaji na bingwa, wala mara nyingi na mwenye shahada. Alifanyiwa na daktari msaidizi aliyepanda ngazi kutoka utabibu, mara nyingi mzaliwa wa mikoa ya huko huko, anayejua lugha ya mgonjwa na ambaye familia yake haikuwa Dar es Salaam ikimngoja ahame. Wataalamu walipochunguza upasuaji wa dharura wa uzazi katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, waligundua kwamba sehemu kubwa mno ya kazi hiyo ilifanywa na madaktari wasaidizi, na kwamba matokeo yao hayakuwa mabaya kuliko ya madaktari wenye shahada. Hii ni heshima kubwa kwa kundi ambalo halikuwahi kupewa hadhi inayolingana na kazi yake. Ni aibu vilevile, kwa maana ngazi iliishia pale. Mtu aliyefanya mamia ya upasuaji hakuwa na njia rahisi ya kuwa bingwa na kumfundisha mwanafunzi wa chuo kikuu, ingawa mwanafunzi huyo alijifunza akimtazama yeye.

Mmoja wa waliosimamia uchunguzi ule alikuwa Dakta Godfrey Mbaruku, na kisa chake cha Kigoma ningependa kila mwanafunzi wa utawala wa umma akisome, si wa udaktari pekee. Alipofanya kazi katika hospitali ya mkoa wa Kigoma katika miaka ya 1980, vifo vya wajawazito na wazazi pale vilikuwa 933 katika kila vizazi hai 100,000 mwaka 1984. Kufikia mwaka 1991 vilikuwa 186. Hakuletewa jengo jipya wala mradi mkubwa wa wafadhili. Yeye na wenzake walichunguza vifo kimoja kimoja, wakatambua mahali ambapo mama alipotezwa, kisha wakachukua hatua 22 kwa kutegemea zaidi kile kilichokuwepo: kuwafundisha upya wafanyakazi, kukarabati vifaa, kuhakikisha damu inapatikana, kudai uwajibikaji wa zamu. Fikiria, ndugu msomaji, mwanafunzi wa mwaka wa nne aliyepata bahati ya kukaa Kigoma wiki sita katika miaka ile. Angejifunza pale jambo ambalo hospitali yenye mabingwa 20 isingeweza kumfundisha. Lakini Kigoma haikuwa mahali ambapo kijana mwenye malengo makubwa alikwenda kwa hiari, na barua kutoka Kigoma haikuwa na uzito wa barua kutoka Muhimbili.

Wageni ndio wanaokwenda. Hili ni jambo la ajabu ambalo tumelizoea. Kila mwaka wanafunzi wa udaktari kutoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini huja Moshi, Mwanza, Dar es Salaam na Zanzibar kwa wiki zao za ugenini. Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya mlima wake wa mawe, imekuwa na uhusiano wa miaka mingi na chuo cha Weill Cornell cha New York, kiasi kwamba chuo kikuu chake, kilichoanza kupokea wanafunzi wa udaktari mwaka 2003, kilipata kubeba jina la Weill. Sina ugomvi na wageni hawa. Wengi huja kwa unyenyekevu, na baadhi hurudi wakiwa madaktari kamili na kufundisha. Ila mwendo huu una upande mmoja. Kijana wa Stockholm huwaona akina mama wetu wakijifungua kwa mwezi mmoja na kuandika katika wasifu wake kwamba ana uzoefu wa Afrika. Kijana wa Bunda hawezi kupata viza, achilia mbali nauli, ya kwenda kuangalia wodi ya wazazi ya Stockholm. Tena, na hili linauma zaidi, hawezi hata kwenda Dar es Salaam.

Mfano bora zaidi ninaoujua uko jirani, Eldoret. Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianza ushirikiano mwaka 1989, na tangu mapema walikubaliana kwamba wanafunzi waende pande zote mbili: Wamarekani waje Eldoret, Wakenya waende Indianapolis. Idadi hazilingani, na mwenye fedha bado ndiye mwenye kauli. Hata hivyo kanuni yenyewe iliandikwa, na kanuni iliyoandikwa humpa mnyonge mahali pa kuanzia madai yake.

Turudi Mara. Wapo watakaosema: ya nini kumhangaikia daktari wa uzazi anatoka wapi, mradi anajua kazi? Nami nauliza, kuijua kazi maana yake nini katika mkoa huu? Takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi wa 2015–16 zilionyesha kuwa wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa mkoani Mara walikuwa wamekeketwa. Sheria ya mwaka 1998 ilikwisha kukataza ukeketaji wa wasichana chini ya miaka 18, lakini sheria haifuti kovu. Mama mwenye kovu hilo anapofika leba, mzalishaji anahitaji kujua ngozi isiyotanuka itachanika wapi, amwambie nini mama huyo bila kumdhalilisha, na baada ya kujifungua afanye nini iwapo ndugu watataka ashonwe kama alivyokuwa. Mwanafunzi aliyejifunza uzazi katika mikoa ambayo desturi hiyo haipo anaweza kuhitimu kwa alama za juu bila kuwahi kukutana na swali hilo. Vivyo hivyo lugha. Mwalimu alitupa Kiswahili na tunajivunia; lakini mwanamke mwenye uchungu wa saa 20, aliyetoka kisiwani au nyuma ya vilima vya Ikizu, huomba msaada kwa lugha ya mama yake. Binti yule wa jirani yetu aliniambia kwamba bibi mmoja aliyemsindikiza mkwewe alimweleza kwa Kijita dalili ambayo hakuna aliyekuwa ameiandika kwenye kadi. Ilikuwa kifafa cha mimba kinachoanza. Aliyekuwa zamu aliitwa mapema.

Nakubali kwamba hali kwa jumla imeboreka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 vya uzazi katika kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015–16. Vituo vya afya vingi vimepata vyumba vya upasuaji. Hospitali ya Kwangwa mjini Musoma, ambayo ujenzi wake ulianza enzi za Mwalimu na kusimama kwa miongo, sasa inafanya kazi ikiwa na jina lake. Tangu mwaka 2024 serikali imekuwa ikituma kambi za madaktari bingwa katika hospitali za halmashauri, mabingwa wa uzazi wakiwemo. Ni jambo jema. Lakini bingwa wa kambi huja wiki moja na kuondoka, naye ametoka mahali pale pale walikotoka mabingwa wa jana. Kambi inapeleka huduma kwa mgonjwa. Haimtoi bingwa mpya kutoka kwa wagonjwa hao.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la kawaida kabisa, wala halihitaji azimio. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi tayari ina kifungu cha mafunzo kwa vitendo. Wiki za kuchagua ziingizwe humo kwa wanafunzi wa udaktari waliotoka katika familia zisizojiweza, nauli na malazi vikiwemo, ili binti wa Nyasura aweze kukaa mwezi mmoja Muhimbili au Bugando na kijana wa Mbezi aweze kukaa mwezi mmoja Bunda. Hili la pili nalisisitiza, maana bila hilo tutakuwa tumewahamisha tu werevu wa pembezoni kwenda kati. Hospitali zinazopokea zisitoze ada kwa Mtanzania. Daktari msaidizi au daktari wa wilaya aliyemsimamia mwanafunzi aruhusiwe kuandika tathmini yake katika fomu ile ile anayoitumia profesa, nayo isomwe na wale wanaochagua watu wa kusomeshwa ubingwa. Na yakumbukwe ya mwaka 1976: kabla ya kutoa waraka, waulizwe wanafunzi wa kike, hasa wenye watoto, wiki hizo zitawaangukia vipi.

Atakayesema fedha hakuna namheshimu, kwa kuwa nimekaa katika kamati za bajeti za chuo na najua zinavyotoa jasho. Namwomba tu alinganishe nauli ya basi kutoka Bunda hadi Dar es Salaam na gharama ya kumfukuzia bingwa aliyekataa kupangiwa mkoa asiowahi kuuona.

Binti yule ataingia mwaka wa tano, kisha mwaka mmoja wa udaktari tarajali. Nilipoondoka Nyasura alinipa karatasi yenye majina ya hospitali tatu ambazo angependa apangiwe. Bunda haimo. Nilimuuliza kwa nini, akasema ya nyumbani ameshaijua, anataka kwanza aone wengine wanafanyaje. Mama yake, aliyekuwa akituandalia chai, akadakia kwamba akishaona arudi upesi, kwani wifi yake anatarajia kujifungua mwezi wa nane.